Ombi la Kompyuta ya Chanika Kuruhusiwa Kuharibika

Ofisi ya Katibu Muhtasi,
Kampasi ya Chanika,
Shule za Kisima Chema,
Dar es Salaam.

Ijumaa, baada ya chai ya saa nne

Kwa Mkurugenzi, Bi Shahbanu,
Makao Makuu, Bunju.

Kupitia kwa: Mwalimu Mkuu, Kampasi ya Chanika (yuko kwenye semina, kwa hiyo barua imempitia akiwa hayupo)

Ndugu Mkurugenzi, Mama yetu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNGU YA KAZI YA NDUGU GAUDENS, NA OMBI LA KOMPYUTA YANGU KURUHUSIWA KUHARIBIKA

Somo tajwa hapo juu lahusika, tena lahusika sana.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mzee Taiyeb na nyumba nzima. Sisi huku Chanika tunaendelea vizuri. Watoto wanasoma, mvua imenyesha, njia ya kutoka barabarani hadi getini imekuwa ya kuvua viatu, na kompyuta zote zinafanya kazi. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Nikiiandika barua hii kwenye kompyuta, nakala yake inakwenda yenyewe kwenye seva ya Madale, na Madale ndiko anakokaa mlalamikiwa.

Kabla sijaanza, niweke jambo moja wazi lisije likaniharibia hoja. Mdogo wangu Vaileth, mwalimu wa darasa la kwanza hapa hapa Chanika, ninayeishi naye nyumba moja, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, mpishi mzuri na ambaye hajaolewa, hahusiki kwa namna yoyote na malalamiko haya. Nimemtaja mapema ili usije ukamfikiria baadaye. Malalamiko haya ni ya kikazi.

Kwa kumbukumbu za ofisi, naomba nieleze hali ilivyokuwa. Zamani, Afisa TEHAMA wetu, Ndugu Gaudens, alikuwa anakuja Chanika kila wiki, na mara nyingine wiki moja anakuja mara mbili, kwa sababu kompyuta zetu za wakati ule zilikuwa na utu. Zilichoka, zilisusa, zilisahau printa. Gaudens akifika alipiga hodi, akasema shikamoo dada, nikamwambia marahaba, karibu chai. Akakaa. Akala maandazi ya Anjelina, mpishi wetu. Akauliza habari za mama yetu aliyeko Tukuyu, na alikuwa ameshajifunza kusalimia ugonile kwa Kinyakyusa kama mtu aliyezaliwa kule, ingawa kwao ni Bukoba. Ndipo akaifungua kompyuta. Kwa bahati tu, Vaileth alikuwa na kawaida ya kupita ofisini muda huo huo kuleta mahudhurio, na kwa kuwa ndani ya kompyuta kuna giza, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Walishika tochi ile hata dirisha likiwa wazi na jua likiwaka.

Siku moja Gaudens alileta senene kwenye kopo, wametoka kwao. Mdogo wangu huyu akiona panzi ukutani anapanda kitandani na kuniita. Siku hiyo alikula senene mbele za watu, akasema ni watamu, akaomba tena. Nilikuwa nimekaa pale pale, Mama, na nilijua kwamba shule yetu inaelekea pazuri.

Kisha yakaja mafungu.

Unakumbuka kikao cha wafanyakazi kule Madale, Gaudens alipotueleza. Alisema amechoka kuzunguka kutoka Bunju hadi Chanika akirudia kazi ile ile, kuweka printa, kuzuia michezo ya watoto, kupachika nembo ya shule, kubadilisha paswedi. Kwa hiyo kila kazi ameiandika hatua kwa hatua, mara moja tu, akazifunga hatua hizo pamoja na kuzipa jina. Kuna fungu la printa, fungu la nembo, fungu la darasani, fungu la ofisi, fungu la jikoni. Kila alfajiri mfumo unafika kwenye kompyuta, unaiuliza wewe uko wapi na unafanya kazi gani, na kwa jibu lile lile unachagua wenyewe mafungu ya kuita. Fungu la printa la Bunju ndilo la Madale na ndilo la Chanika, kinachobadilika ni jina la printa tu. Nyie wakubwa mlipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa adabu, na kwa sababu sikujua kwamba alikuwa anatuaga.

Tangu siku ile Gaudens hajakanyaga ofisi yangu. Malalamiko yangu sasa ni haya yafuatayo.

1. Mfumo haupigi hodi. Unaingia kwenye kompyuta yangu kabla sijafika, unakagua, unapanga, unatoka. Nikifika nakuta ujumbe mdogo chini ya kioo: "Kila kitu kiko sawa, hakuna kilichobadilishwa." Sasa hebu fikiria, Mama, mgeni aje nyumbani kwako wewe ukiwa hupo, apite chumba hadi chumba, kisha akuachie karatasi mezani kwamba nyumba yako ni safi. Utashukuru au utabadilisha kitasa? Mimi nimelelewa Tukuyu. Mtu anayeingia bila hodi kwetu ana mawili, ama ni mwizi ama ni mkwe asiye na adabu. Huyu hata ukwe bado.

2. Chanika si Bunju. Hili nalisema kwa heshima zote kwa Bunju, ambako kuna upepo na lami, na kwa Madale pia, na vilima vyake na watu wake wanaojenga magorofa. Kila mahali pana mambo yake. Kwa mfano, fungu la kuzima kompyuta lilikuwa linazima zote saa kumi kamili, maana saa kumi watu wa Bunju wanaondoka. Sisi saa kumi bado tuna watoto, wazazi wengine wanatoka mashambani, wengine wana mafundi nyumbani na hawawezi kuwaacha peke yao na saruji. Kompyuta ilinizimikia nikiwa katikati ya sentensi. Nilifurahi, nikijua hapa lazima mtu aje. Nilimpigia Gaudens kwa sauti ya mtu aliyefikwa na janga. Nilimwambia Anjelina akande unga.

Hakuja. Alisema, "Nipe dakika, dada," na nikamsikia anakunywa maji. Kisha akasema tayari. Akanieleza kwamba fungu lenyewe hakuligusa, amebadilisha neno moja tu kwenye maelezo ya Chanika, kutoka saa kumi kuwa saa kumi na moja, na mfumo utajua. Neno moja, Mama! Yeye yuko Madale, mimi niko Chanika na maandazi ya moto, na tatizo limekwisha. Nauliza kwa unyenyekevu, hivi ndivyo mtumishi anavyotendewa anapopata tatizo?

3. Suala la jikoni. Ofisi yangu imeezekwa kwa bati bila dari, na mvua ikinyesha hutasikia hata simu. Ndiyo maana siku za mvua huwa nahamia jikoni na kompyuta yangu, kwa Anjelina, ambako kuna dari, kuna joto na kuna waya wa mtandao uliowekwa kwa ajili ya hesabu za stoo. Hii ni desturi yetu ya siku nyingi na haijawahi kumdhuru mtu. Juzijuzi mvua ilikuwa ya siku mbili, nikaiacha kompyuta kule kule ilale.

Mfumo ukaja alfajiri, ukaikuta kwenye waya wa jikoni, ukaiuliza uko wapi, nayo ikasema ukweli. Ukaiitia fungu la jikoni. Asubuhi nilikuta kioo kimejaa maharage na mafuta ya kupikia. Sikuwa na habari kwamba hata kichwa cha barua kimebadilika. Nikachapa barua ya kuwaita wazazi wa darasa la kwanza kwenye kikao, nikazigawa. Juu ya kila barua, badala ya nembo ya Ofisi ya Taaluma, palikuwa pameandikwa JIKO NA STOO.

Wazazi walikuja na hotpoti. Wengine walikuja na ndoo. Mama mmoja alikuja na watoto wake wadogo wasiosoma hapa, akiwa amewavalisha vizuri, na alipoambiwa kuna kikao cha mitihani alikaa kikao chote akiangalia upande wa jikoni. Anjelina ilibidi awapakulie wali wa walimu. Walimu mpaka leo hawasemi na mimi, isipokuwa Vaileth, ambaye nasema naye kwa sababu nina ufunguo wa nyumba.

Kwa aibu ile nilijua kabisa kwamba safari hii Gaudens atakuja, na atakuja amevaa shati la kuombea radhi. Nilimpigia. Alicheka, Mama. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akalikata jina langu kama kawaida yake, akasema, "Dada Tupo, rudisha tu waya wa ofisini, yenyewe itajijua." Nikarudisha waya wa ofisini. Ikajijua. Nembo ikarudi, printa ikarudi, maharage yakatoweka. Hakuna aliyekuja.

4. Kompyuta hazikubali tena kuharibika. Sitaki kuonekana mtu wa kulalamika bila ushahidi, kwa hiyo nilifanya majaribio kadhaa, yote kwa nia njema. Nilifuta nembo nikaweka picha ya maua. Kesho yake nembo ilikuwa imerudi. Niliiondoa printa kwenye kompyuta. Ikarudi. Nilisogeza saa mbele, nikayaficha mafaili, nikaiandikia paswedi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau wakati naiandika. Yote yalirudi yalivyokuwa, na siku ile mfumo ulikuwa na ujumbe mrefu kidogo: "Vitu kadhaa vimerekebishwa." Hakuna pole, hakuna kuuliza dada vipi, mbona hivi, una mawazo gani.

Hapa naomba uongozi uelewe. Kompyuta inapoharibika, mtu anakuja. Mtu akija anakunywa chai, anauliza habari, anacheka na watu, anaonana na watu. Kompyuta isipoharibika kabisa watu wanakaa kila mmoja kwake, wanazeeka. Mama yetu kule Tukuyu ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, na swali lake la kwanza siku hizi halihusu afya yangu. Anauliza, "Yule kijana wa kompyuta vipi?" Mimi namjibu kwamba kompyuta ni nzima, mama. Anasema atatuombea. Yeye ni Mmoraviani wa zamani, na ameshakubali moyoni mwake hata kwamba kijana ni Mkatoliki. Nimuelezeje habari za mafungu mwanamke aliyefika umbali huo?

5. Salamu. Hili limeniuma kuliko la hotpoti na nitalisema lilivyo. Mwezi uliopita ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Vaileth. Asubuhi simu yake ililia na nikaona jina la shule. Ujumbe ulisema: "Ndugu VAILETH, uongozi na wafanyakazi wenzako wanakutakia heri ya siku ya kuzaliwa na utendaji mwema wa kazi." Nikauliza uliza, nikaambiwa Gaudens ameunda fungu la salamu. Linaangalia nani kazaliwa leo, linaweka jina lake, linatuma. Wiki ile ile mlinzi wa geti la Madale alipata maneno yale yale, jina tu ndilo lililobadilishwa. Namheshimu sana mlinzi wa Madale. Lakini yeye hajawahi kumshikia mtu tochi.

Kilichonishangaza ni kwamba Vaileth hakukasirika. Alicheka, akatia simu mfukoni, akaenda kupiga pasi gauni lake la mazoezi ya kwaya ya Jumamosi huku akiimba. Mazoezi yenyewe yamekuwa marefu siku hizi, sijui wanajiandaa na sikukuu gani. Mtu akishaumia sana huwa hivyo, anacheka. Nilimpikia ndizi za nazi jioni ile.

6. Mwisho, napenda kuuliza mambo haya yataishia wapi. Leo ni printa na salamu. Kesho mtasema darasa la kwanza la Chanika lifundishwe kwa fungu la darasa la kwanza la Bunju, kinachobadilika ni majina ya watoto tu. Keshokutwa mtasema makatibu muhtasi wote ni wamoja, yeyote akae popote. Na mtondo, Mama, naomba usinielewe vibaya, kuna mtu atauliza kwa nini mkurugenzi mzima ahangaike kuamka, wakati mfumo unaweza kuiuliza siku yenyewe ni ya kikao au ya kusaini, kisha ukaita fungu la mkurugenzi linalofaa. Mimi siku hiyo nitakutetea. Nitasimama niseme Bi Shahbanu ni mmoja tu. Ndiyo maana naomba nawe leo unitetee mimi.

Kwa hoja hizo, naleta maombi yafuatayo:

(a) Kompyuta ya Katibu Muhtasi wa Chanika itolewe kwenye mfumo na kurudishiwa uhuru wake wa kuharibika.

(b) Endapo hilo haliwezekani, basi Gaudens aandike fungu jipya, ambalo nimelichora mwenyewe ili asipate taabu. Mfumo ukifika kwangu kila Jumatatu alfajiri, uiulize kompyuta: Gaudens alifika Chanika wiki iliyopita? Ikijibu alifika, mfumo uendelee na safari zake kwa amani. Ikijibu hakufika, liitwe fungu liitwalo KWAMA. Wiki ya kwanza fungu hilo liisahaulishe printa. Wiki ya pili ligeuze kioo juu chini. Wiki ya tatu lihamie kompyuta ya Mwalimu Mkuu, na hapo hakuna neno moja litakalotosha kubadilishwa kwa simu. Ni lazima mtu aje, na aje na bisibisi.

Uzuri wa fungu hilo ni kwamba halina haja ya kuandikwa upya kwa kila kampasi. Nasikia pale Bunju kuna mwalimu wa hesabu ambaye hali yake inafanana na ya mtu mmoja huku, na tatizo lake ni fundi wa pampu ya maji. Fungu ni lile lile, libadilishiwe jina la fundi tu, na badala ya printa iwekwe pampu. Nimelifikiria sana jambo hili na nadhani linaweza kutumika hata mikoani.

(c) Wakati maombi (a) na (b) yanashughulikiwa, Gaudens apangiwe ukaguzi wa kuona kwa macho hapa Chanika, angalau mara moja kwa wiki, siku ambayo darasa la kwanza lina kipindi cha michezo na mwalimu wake yuko huru. Chai ipo. Tochi nimenunua mpya.

Nasisitiza tena kwamba katika yote haya sina maslahi binafsi. Mimi ni mtu mzima na nimeshaona mengi. Ninachokipigania ni utaratibu, heshima ya kazi, na mtoto wa mama yangu asije akakaa dirishani kwangu mpaka nywele zikabadilika rangi, kwa sababu tu printa za shule hii zimekuwa na afya.

Naomba unisalimie Mzee Taiyeb na umwambie ndizi za Tukuyu alizoulizia zitakuja na basi wiki ijayo. Wasalimie wahasibu, madereva, walinzi wa kampasi zote, na yule dada wa mapokezi mwenye sauti nzuri. Hata Gaudens msalimie, kwa njia ya kawaida ya mdomo.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, niliyekaa mbele ya kompyuta nzima nikisubiri jibu,

Tupokigwe,
Katibu Muhtasi, Kampasi ya Chanika.

Nakala: Jalada. (Nalishika mwenyewe.)

Baada ya sahihi, Jumapili jioni:

Mama, naomba barua hii uisome kuanzia hapa, na huko juu ukupitie haraka haraka kama mtu anayetafuta simu yake.

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Jana mchana nipo uani nachambua mchicha, nikasikia hodi. Hodi ya kweli, ya mdomo, tena mara tatu. Nikatoka na kanga yangu ya jikoni nikakuta wazee wawili wamevaa makoti kwenye jua lile, mmoja ameshika bahasha iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Walijitambulisha. Yule mrefu ni mjomba wa Gaudens, ametoka Bukoba kwa ajili hiyo. Walisema wametumwa na kijana wao, wameona ua kwenye boma hili. Vaileth alikuwa tayari amejifungia chumbani. Alikuwa anajua siku na saa, mimi tu ndiye niliyekuwa na mchicha mkononi.

Niliwakaribisha, nikawapa maji, lakini roho haikutulia. Nikamuuliza mjomba, kwa heshima, kijana huyu ameposa vipi wakati tangu mafungu yaanze hajaonekana Chanika hata kwa dawa. Mzee akacheka sana. Akasema kijana wao zamani hakuwa na Jumamosi hata moja, alikuwa anashinda barabarani akirekebisha printa ile ile sehemu tatu, akifika kwa mtu amechoka na mikono ina vumbi. Mafungu ndiyo yaliyompa Jumamosi. Na Jumamosi zote hizo amekuwa Chanika, nje ya kanisa letu, kwenye kibanda cha soda, akisubiri mazoezi ya kwaya yaishe. Mazoezi yenyewe, nimeambiwa, huwa mafupi sana.

Kwa nini basi hakuja ofisini kwangu? Hilo nilimuuliza Vaileth mwenyewe, wageni walipoondoka. Aliangalia chini, kisha akaniambia, "Mie ndo nilimkataza, dada. Ukituona unatukodolea macho kama unasahihisha mtihani. Tungeongea saa ngapi?"

Nilitaka kukasirika, Mama, nikashindwa. Nilifurahi mpaka nikalia mbele yake, naye akalia, tukampigia mama Tukuyu tukalia watu watatu. Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nayaondoa yote. Tafadhali mtu yeyote asiguse hata fungu moja la kijana yule. La salamu pia liacheni. Wiki ya harusi apewe likizo kamili, kompyuta zitajiangalia.

Limebaki jambo moja. Gaudens amejenga Madale, na Vaileth ameshaandika kuomba uhamisho wa kwenda kufundisha kule. Ni haki yake, mke yuko kwa mumewe. Ila tangu tumefika mji huu sijawahi kuishi nyumba ambayo yeye hayumo. Leo asubuhi alikwenda ibada ya kwanza akaniacha, nikamimina vikombe viwili vya chai kwa mazoea, nikakaa navyo. Nyumba ilikuwa kimya sana, Mama. Sikuipenda.

Nasikia Madale mnatafuta katibu muhtasi. Nilisema pale juu kwamba kampasi hazifanani na kwamba katibu muhtasi wa mahali pamoja hawezi kuwekwa mahali pengine. Nimelifikiria upya na nimeona nilikosea. Printa ni ile ile, nembo ni ile ile, barua za wazazi ni zile zile. Leo mchana nilimpigia Gaudens kumuuliza, kwa njia ya mzunguko, akaniambia mtumishi akiandika jina lake kwenye kompyuta yoyote ya shule, mfumo unamjua na mafungu yake yote yanamfuata pale alipo. Basi niandikie barua ya uhamisho, Mama yangu. Mimi naweza kuitwa popote na nitafanya kazi vile vile.

Vaileth bado sijamwambia. Naomba ofisi ndiyo imwambie.

T.